UNA TEZI DUME WEWE, ACHA KUCHEKA!

NDUGU msomaji, weka kikombe chini kidogo. Najua gazeti hili unalisomea kijiweni, tena huenda si lako, umeliazima kwa mwenzako aliyelilipia. Na najua ulipokiona kichwa cha habari ulimsukuma jirani yako kwa kiwiko, mkaangua kicheko. Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilicheka, hapa hapa Makoroboi, siku muuza mitumba mmoja aliposimama juu ya robota lake akaigiza jinsi daktari anavyovaa glavu na kumwamuru mzee wa watu ainame. Tulicheka mpaka kahawa ikatutoka puani. Sikujua kwamba kicheko kile kilikuwa na bei yake, wala kwamba atakayeilipa ni mtu mwingine kabisa.

Twende taratibu. Kwanza nikupe habari ambayo pengine hakuna aliyekupa shuleni: una tezi dume. Ndiyo, wewe, hapo ulipokaa, na miaka yako ishirini na tatu. Mjini hapa watu wanasema "mzee fulani ana tezi dume" kama wanavyosema ana malaria. Upuuzi mtupu! Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo kama figo au ini, na kila mwanaume kazaliwa nacho. Kimekaa chini ya kibofu, kimeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kwa kijana wa umri wako ni kadogo tu, hakafiki ndimu. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya yale maji yanayobeba mbegu zako. Kwa hiyo hizo sifa unazojimwagia kila Jumatatu asubuhi, tezi dume ina mkono wake humo.

Mtu akizeeka, kiungo hiki kina vituko viwili. Cha kwanza ni kukua tu, kikaubana mrija. Mzee anaamka usiku mara nne, mkojo unasuasua, anasimama msalani kama anayesubiri kivuko. Hiyo si saratani, haigeuki kuwa saratani, na dawa zake zipo. Kituko cha pili ndiyo saratani yenyewe, kansa kama tunavyoiita mitaani. Hii ni nyoka wa majanini. Mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo miaka inakatika bila dalili yoyote. Mzee anakojoa vizuri, anacheza bao, anakula sato wake, kumbe mwenzake yumo ndani analima. Ikija kusikika, mara nyingi imeshatoka kwenye tezi ikahamia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Wapo wenye vyote viwili kwa mpigo, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa kabisa.

Usidhani nakutisha kwa jambo dogo. Mwaka 2022 wanaume karibu milioni moja na nusu duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na karibu laki nne walikufa. Hapa Tanzania ndiyo inayoongoza kwa saratani za wanaume. Tena sisi watu weusi inatuandama zaidi. Uingereza wamehesabu wakakuta mwanaume mmoja kati ya wanane ataipata maishani mwake, lakini kwa weusi waliopo hukohuko ni mmoja kati ya wanne. Hesabu wazee wanne wa mtaa wenu halafu uniambie kama bado inachekesha.

Sasa nikueleze kilichotokea nyumbani kwetu.

Baba yangu mkubwa alikuwa mtu wa Ukerewe, fundi wa nyavu. Miaka mingi alikuwa akija Mwaloni Kirumba kushona nyavu za watu, anakaa juu ya mchanga miguu kainyoosha, uzi umebanwa kwenye kidole gumba cha mguu, mdomo haufungi kwa hadithi. Alianza kukojoa damu. Hapa Kanda ya Ziwa mkojo wa damu tumezoea kuuita kichocho tangu utotoni, basi akaenda zahanati, akapimwa urefu kwa ule mti wenye alama, akapewa vidonge vyake. (Nimekuja kujifunza baadaye kwamba kichocho cha ufukweni kwetu hushambulia zaidi matumbo, kile cha mkojo ni cha mabwawa na majaruba ya kule bara, Misungwi na Kwimba. Hakuna aliyemwambia.) Damu haikukoma. Akaenda duka la dawa, akachomwa sindano za gono. Mzee wa miaka sitini na nane! Mama mkubwa akanuna miezi mitatu, na majirani wakapata la kusema. Gono nalo likawa silo, akapelekwa kwa mganga, ambaye alitaka mbuzi mweusi akapewa, akasema kuna mtu wa ukoo kamfunga mkojo. Hapo ukoo ukagawanyika. Mpaka leo wapo ndugu hawasalimiani kwa ajili ya mbuzi yule.

Halafu ukaja mgongo. Tukasema ni mgongo wa nyavu, mtu amekaa mchangani miaka arobaini, ulitaka usiume? Akawa anameza vidonge vya maumivu kama karanga. Asubuhi moja akataka kusimama, miguu ikakataa. Tukamkanda maji ya moto na mafuta ya nyonyo siku tano nzima. Siku ya sita tukambeba mpaka kwenye boti.

Tulifika hospitali moja ambayo sitaitaja, maana nia yangu si kumfukuzisha mtu kazi. Wakapima damu, wakachukua vinyama, wakapiga picha. Siku za kusubiri majibu zilikuwa nyingi kuliko fedha tulizokuwa nazo. Jioni moja muuguzi akatoka akauliza, "Nani msomi hapa?" Ukoo mzima ukaninyooshea kidole. Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne. Nikaingia ofisini. Daktari, kijana asiyenizidi sana kwa umri, macho yamewiva kwa usingizi, akaniambia ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, watamfanyia operesheni ndogo ya kuupunguza nguvu, weka sahihi hapa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Katikati kulikuwa na maneno mawili marefu kama treni ya mizigo. Kiingereza changu cha cheti ni D. Niliona aibu kuuliza. Nikasaini. Sidhani kama dakika tatu zilitimia.

Siku ya tatu baada ya operesheni, muuguzi alipokuwa anabadilisha bandeji, baba mkubwa alipeleka mkono chini. Akanitazama. Akasema, "Mmenifanya maksai."

Korodani zake zote mbili zilikuwa zimeondolewa, na aliyeweka sahihi ni mimi. Wiki tatu kila nikimpelekea uji anageuza uso ukutani.

Ndugu msomaji, kwa miezi mingi nilimchukia daktari yule. Kisha nikaanza kuuliza, maana ndiyo kazi yangu hii ya kalamu, hata kama gazeti hulipa pale linapojisikia. Nikazungumza na madaktari na wauguzi, nikaazima vitabu, nikakaa na kamusi. Niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

Mwaka 1941 daktari mmoja wa Chicago, Charles Huggins, alionyesha kwamba saratani ya tezi dume huishi kwa kula homoni ya kiume, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Ukiinyima chakula, inasinyaa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa hiyo aliyetaka korodani za baba mkubwa zitolewe hakuwa mchawi. Saratani ikishafika mifupani, kuizima homoni hiyo ndiyo msingi wa tiba dunia nzima, na nakiri kwa kinywa changu kwamba maumivu ya mgongo yalipungua ndani ya wiki.

Lakini ipo njia zaidi ya moja ya kuizima. Ziko sindano, nyingine za kila mwezi na nyingine za kila miezi mitatu, zinazofunga kiwanda hicho bila kisu. Ni ghali, na ni lazima ziendelee. Kisu ni cha mara moja, ni cha bei nafuu, na kwa fundi nyavu asiye na bima huenda hata leo ningekichagua hicho hicho. Na hata kwenye kisu kuna namna mbili. Wanaweza kutoa korodani nzima. Au wanaweza kutoa nyama ya ndani tu na kuacha ganda, ili mfuko usibaki mtupu, na mzee akienda kuoga ziwani na wenzake asionekane tofauti. Umesikia? Ipo namna ya kumwachia mtu heshima yake mbele ya wenzake, na katika zile dakika tatu hakuna aliyeitaja.

Tena iwe sindano, iwe kisu, kuna malipo mengine: hamu ya unyumba huondoka, joto la ghafla hupanda mwilini, matiti huweza kujaa, mifupa hudhoofu. Mtu ana haki ya kuambiwa hayo angali na korodani zake, ayaseme na mkewe, ndipo aamue. Aambiwe yeye, wala si mpwa wala mtoto wa ndugu mwenye cheti cha kidato cha nne.

Linaloniuma kuliko yote ni miguu. Saratani ikiubana uti wa mgongo, miguu ikawa mizito au ikafa ganzi, hiyo ni dharura ya siku ile ile. Dawa za haraka na mionzi, au upasuaji, vyaweza kuiokoa. Ukichelewa hairudi tena. Sisi tulikanda mafuta ya nyonyo siku tano.

Sasa njoo upande wa wakubwa.

Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Ikulu ikautangazia umma, ikataja kiungo kwa jina lake. Kwa hilo nampa heko, tena bila kinyongo cha chama. Siku ile neno tezi dume lilitoka chooni likaingia kwenye taarifa ya habari. Lakini hebu jiulize. Rais wa nchi yenye hospitali za rufaa alivuka bahari kwenda kupasuliwa. Alikuwa na madaktari wa kumkalisha chini, wakamweleza hiki na kile, naye akauliza maswali mpaka akaridhika. Hakuna aliyemwita mpwa wake korido na kumuuliza kama ni msomi. Wala hakuwa wa kwanza kuvuka. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mtoto wa Butiama, mtu wa upande huu huu wa Ziwa, saratani ya damu ilimmaliza London tarehe 14 Oktoba 1999.

Jirani yetu Mobutu Sese Seko ndiye aliyetia fora. Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa saratani hiyo hiyo ya tezi dume. Akawa anauguzwa Ulaya huku waasi wakianza kuitafuna nchi yake kutoka mashariki. Mei 1997 akakimbia Kinshasa, na Septemba mwaka huohuo akafia Rabat, Morocco. Miaka thelathini na ushei ya utawala, madini yote yale, na hospitali ya kumtibu mwenye nchi ikawa Uswisi!

Wengine iliwatendea tofauti. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akapigwa mionzi wiki saba, akaishi mpaka Desemba 2013, na alipofariki saratani hiyo haikutajwa, yalikuwa mapafu. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997, akalisema hadharani bila kuona haya, akafa Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Ugonjwa ni ule ule uliomlaza baba mkubwa kwenye boti. Wao ulikutwa mapema, na walikuwa na cha kuchagua.

Madaktari wa Bugando walioandika juu ya wagonjwa wao wa saratani hii wamekiri kwamba walio wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Ile hospitali iliyo juu ya kilima, inayoonekana ukiwa popote mjini, tangu mwaka 1971 inabeba Kanda ya Ziwa nzima: Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga, na wengine kutoka mbali zaidi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku aliyehitaji mionzi alipaswa kupanda treni au basi mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, wengi wakaona afadhali wafie kwao. Siku hizi mionzi ipo Bugando. Tushukuru. Lakini mionzi juu ya kilima inamsaidia nini mzee wa Ukara ambaye kwa miaka miwili zahanati yake ilijua majibu mawili tu, kichocho na gono?

Hapo ndipo ugomvi wangu na serikali ulipo. Sera za nchi zinasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Pale mapokezi wameandika "Dirisha la Wazee", maandishi mazuri, rangi ya bluu. Mzee anapita dirishani bure, anafika dirisha la dawa anaambiwa hakuna, kanunue nje. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, wakapiga makofi na kugonga meza. Sawa. Mimi namuuliza mbunge wako, maana ndiye atakayekuja na kanga na kofia: kipimo cha damu cha tezi dume kitafika lini kwenye kituo cha afya cha kata? Fomu ya kukatwa kiungo cha Mswahili itaandikwa lini Kiswahili? Swali la pili halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala mfadhili kutoka Ulaya. Linahitaji karatasi, mtu wa kupiga chapa, na aibu kidogo.

Na wewe je? Usidhani nakuacha. Umewahi kuona jinsi nguzo za umeme za mjini hapa zilivyojaa vibao vya waganga? Nguvu za kiume, tezi dume, kurudisha mpenzi, kushinda kesi, vyote namba moja ya simu. Wateja ni sisi. Mwaka 2011 taifa zima lilikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Sh. 500 kilichosemwa kinaponya kansa, ukimwi na kisukari, na vigogo walikuwa kwenye foleni ile ile. Mganga wako akikupa mzizi unaolegeza mkojo, mzee atalala vizuri mwezi mzima na kumsifu, na saratani itaendelea na kilimo chake. Hiyo ndiyo hatari yake: unafuu wa mkojo hauna habari na kilichopo mfupani.

Basi sikiliza, maana hili utalihitaji mapema kuliko unavyodhani. Wewe wa miaka ishirini na kitu hatukupeleki kupimwa. Tunakutuma umpeleke baba. Kuanzia miaka 50 mwanaume azungumze na daktari habari ya kupima. Kwa sisi weusi, na kwa mwenye baba au kaka aliyeugua, ni busara kuanza 45. Kipimo cha kwanza ni damu, wanakiita PSA. Kikizidi 4, madaktari wengi huanza kuuliza maswali. Kuuliza tu, ndugu yangu! Namba kubwa si hukumu ya kifo. Tezi iliyokua tu huipandisha, uambukizi wa mkojo huipandisha, mpira wa mkojo huipandisha, hata kulala na mkeo jana yake au kupiga pedali masafa marefu. Nimesikia wazee waliogawa mashamba kwa kuona 7 kwenye karatasi. Rudieni kipimo kwanza.

Kisha kidole, hicho mnachokiigiza juu ya marobota. Tezi imelala mbele ya njia ya haja kubwa, kwa hiyo kidole chenye glavu na mafuta ndiyo njia fupi ya kuigusa na kujua kama ina vinundu au imekuwa ngumu kama jiwe. Haichukui dakika moja. Siku hizi wengi huanza na damu, lakini wapo ambao damu yao husema shwari na kidole kikakuta jambo. Mwanaume anayebeba gunia la dagaa kutoka mtumbwini mpaka kwenye lori anaogopa dakika moja, na baba yake anakufa mwaka mzima. Sijui ni uanaume wa aina gani huo.

Vikitia shaka, ndipo huchukuliwa vinyama kwa sindano, kumi au kumi na viwili, vikatazamwe kwa darubini. Majibu huja na alama za Gleason, kuanzia 6 mpaka 10. Sita ni mnyama mpole. Tisa na kumi ni chui. Mwambie daktari akuandikie namba hiyo, maana bila hiyo huwezi kujua unachagua nini. Uliza pia: imetoka nje ya tezi au bado imo ndani?

Ikiwa bado imo ndani, hapo ndipo mzee anakuwa na kuchagua kweli. Uingereza waliwachukua wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ikiwa bado ndani ya tezi, wakawagawa kwa bahati nasibu mafungu matatu: wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakachungwa tu kwa vipimo na kutibiwa pale ilipobidi. Majibu ya miaka kumi na mitano yalitoka mwaka 2023. Katika kila fungu, waliouawa na saratani hiyo walikuwa kama wawili au watatu tu kwa kila mia. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye maisha ya kila siku: waliopasuliwa walipata zaidi shida ya kuvuja mkojo na kushindwa unyumba, waliopigwa mionzi wakasumbuliwa zaidi na tumbo, na waliochungwa saratani yao ilisambaa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mnyama mpole anaweza kuchungwa miaka bila kuguswa, mradi mchungaji asilale. Na hapo nina wasiwasi na sisi, maana kumchunga mtu wa kisiwani kunataka nauli ya boti kila baada ya miezi michache. Chui hachungwi. Na ikiwa imeshatoka, bado zipo homoni, zipo dawa za mishipani, ipo mionzi ya kupoza mfupa unaouma, ambayo mara nyingine ni siku moja tu, na ipo mofini ya kunywa. Yeyote anayewaambia "mrudisheni nyumbani, hakuna cha kufanya", muulizeni maumivu yake atayatibu kwa nini.

Baba mkubwa alifariki mwezi wa nane tangu operesheni. Mwezi wa mwisho alikuwa ameanza tena kuniita kwa jina langu.

Sasa yuko baba yangu mzazi, mdogo wake wa tumbo moja. Ana miaka 61. Mtu ambaye kaka yake aliugua, hatari kwake ni kama mara mbili ya wengine. Mwaka jana nilimsikia usiku akifungua mlango wa uani mara tatu, mara nne. Nikakaa na jambo hilo mwezi mzima, mimi mwandishi, mimi mwenye maneno mengi vijiweni. Siku nilipolitoa, tukiwa tunakula, alinyamaza kwanza, akanawa mikono, kisha akasema, "Wewe uliyesaini karatasi ya kaka yangu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nimekuja kumuuliza yeye kwa sababu ile ile.

Alikwenda kupima damu. Namba ikatoka juu ya mstari. Tukarudia baada ya wiki kadhaa, ikabaki juu. Jumatatu hii tunapanda kilima cha Bugando kwenda kuchukuliwa vinyama. Nimeandika maswali yetu kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiswahili, tisa kwa hesabu: namba ya Gleason, imetoka au haijatoka, kuna njia ngapi, kila moja inagharimu nini na inaondoa nini. Jana usiku nilimpa ayasome. Akavaa miwani, akayapitia polepole, akaomba kalamu, akaongeza la kumi kwa mwandiko wake wa elimu ya watu wazima: "Je, nitaulizwa mimi mwenyewe?"